Watoto wa kambi ya chai wajifunza kusoma

Barua kutoka Uganda Magharibi



Ofisi ya tawi letu ni chumba kimoja chenye meza, benchi na kabati lisilofungika. Kila mwisho wa mwezi benchi hilo hujaa watu. Wenzetu wachumaji wa chai huja na karatasi mkononi, huyu ana hati ya malipo, yule ana barua ya onyo, mwingine ana karatasi ya hospitali. Hawaji kushtaki. Wanakuja tuwasomee.

Siku moja alifika mzee mmoja aliyechuma chai miaka mingi. Alikuwa na karatasi ambayo aliitia kidole gumba, naye alidhani ni karatasi ya likizo. Tulipoisoma tuliona inasema kwamba ameacha kazi kwa hiari yake na kwamba hana madai yoyote. Tulilipigania jambo lake kwa muda mrefu, na mwisho tukapata nusu tu ya haki yake. Ile nusu nyingine ilikwenda na kidole gumba.

Sisi tunaoandika habari hii hatukusoma sana. Wengi wa kamati yetu waliishia darasa la saba. Lakini hilo darasa la saba ndilo linalotuwezesha kuikagua hati ya malipo na kuuliza, "Makato haya ni ya nini?" Kwa hiyo mwaka 2022, tulipoona kwamba watoto wa wachumaji nao wanaelekea kwenye benchi lile lile la wazazi wao, hatukuweza kunyamaza. Tunawaandikia wenzetu wa nchi jirani yale tuliyoyafanya, pamoja na makosa yetu, ili anayetaka kuanza asianzie pale tulipojikwaa.

MIAKA MIWILI BILA SHULE

Wengi mnajua kwamba serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997. Kabla ya hapo watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 3, na mwaka ule mmoja wakapita milioni 5. Lilikuwa jambo kubwa kwa mfanyakazi wa mashamba. Lakini madarasa yalijaa mno, na mwalimu mmoja hawezi kuisikia sauti ya kila mtoto.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi kama milioni 15 waliguswa, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo. Madarasa ya mtihani yaliitwa mapema kidogo, lakini wadogo wengi walikaa nyumbani karibu miaka miwili. Serikali ilitoa masomo kwa redio na kwa karatasi zilizochapwa. Katika laini za kambi yetu redio si za kila nyumba, na karatasi haimsaidii mtoto asiyejua kuisoma, wala mzazi asiyejua kumsomea.

Chai haikungoja. Wazazi waliendelea kuchuma, na watoto wakawafuata shambani. Wakubwa walibeba wadogo, kisha wakaanza kutia majani katika vikapu vya mama zao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilikwisha kusema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe, isipokuwa kazi nyepesi chini ya uangalizi wa mtu mzima isiyomzuia kusoma. Lakini kwenye mzani kilo hazionyeshi zimechumwa na mkono wa nani.

Shule zilipofunguliwa, watoto wengi walipandishwa madarasa ya mbele wakati yale ya nyuma hawajayashika. Mwalimu alipoandika ubaoni, walinakili umbo la herufi kama mtu anayechora ua.

TULIANZA VIBAYA

Mwezi wa Februari 2022 tulikutana watu sita wa kujitolea. Walikuwa karani wa mizani, mama mmoja mchumaji aliyefika sekondari mwaka wa pili, yaya wa nyumba ya kulelea watoto, vijana wawili waliomaliza sekondari wasio na kazi, na mwalimu mmoja mstaafu anayekaa jirani na kambi. Tuliomba ghala tupu, tukapewa. Tawi likanunua chaki.

Jumapili ya kwanza watoto walikuja wengi kuliko nafasi. Tukawapanga kama shule inavyowapanga, darasa la pili huku, la tatu kule, la nne pale mlangoni. Tukaandika sentensi ubaoni, tukaisoma, nao wakaitikia kwa sauti kubwa hata wazazi wakatoka nje kusikiliza. Tulifurahi sana. Tulidhani wanasoma.

Mwalimu mstaafu hakufurahi. Alimwita kijana mmoja wa darasa la nne, akampa kitabu cha darasa la pili. Kijana akasoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini kidole chake kilikuwa mstari mwingine kabisa. Mwalimu akafunika ukurasa kwa kiganja, akaacha neno moja tu katikati. Kijana akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa masikio.

Jioni ile mzee alitueleza jambo alilolijua. Alipata kuwa mjitoleaji wa Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wajitoleaji wawili wa kijiji walikwenda nyumba 20 za kijiji chao, wakamsomesha kila mtoto mmoja mmoja karatasi ya kiwango cha darasa la pili. Karatasi hiyo ina ngazi nne, herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi. Mtoto akikwama, hapo ndipo alipo, hata kama sare yake inasema darasa la sita. Mpango huo uliiga kazi iliyofanywa India na shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katikati ya miaka ya 1990.

Basi Jumapili ya pili hatukufundisha. Tulipima. Kila mtoto alikaa peke yake na mtu mmoja, kando, ili wenzake wasimcheke. Tuligundua mambo ya kutia huzuni. Walikuwapo wa darasa la tano wasiojua herufi zote, na alikuwapo msichana wa darasa la pili aliyesoma hadithi nzima kwa sababu kaka yake alimfundisha wakati wa kufungwa kwa shule. Tangu siku ile tuliacha kuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Tuliwapanga kwa ngazi, wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja.

MA, TA, KA

Lilikuja swali la lugha. Mtaala ulioanza mwaka 2007 uliagiza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali, kisha Kiingereza kianze kushika kazi darasa la nne. Lakini kambi ya chai haina lugha moja. Hapa kwetu nyumba moja wasema Rutooro, ya pili Rukiga, ya tatu Lukonzo, ya nne Kinyarwanda, na kwenye mzani sote tunasema Kiswahili.

Mama mchumaji ndiye aliyetutoa katika shida hiyo. Alisema, "Mimi naona ma ni ma kwa Mtooro na kwa Mkonzo." Kweli, silabi za lugha zetu zinafanana sana. Tukaandika ma me mi mo mu, ta te ti to tu, ka ke ki ko ku juu ya vipande vya maboksi, tukawapa watoto wazichanganye kwenye sakafu. Waliandika kwa chaki chini, wakaruka kutoka silabi hadi silabi. Mmoja akaunda nyama. Wa Rutooro akasema kwao ni enyama, wa Kinyarwanda akasema inyama. Wakacheka, lakini walikuwa wamesoma neno moja katika lugha tatu.

Kila siku ya kusoma ilikuwa na mpango ule ule. Kwanza mtu mzima anawasomea hadithi fupi kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Kisha mchezo wa silabi. Kisha kila mtoto anasoma mwenyewe, hata kama ni neno moja, na lazima asikilizwe. Kisha anaandika alichokisoma. Saa moja na nusu imetosha, zaidi ya hapo watoto wanachoka na sisi tunachoka.

Mwezi wa Aprili lilitokea jambo dogo ambalo hatutalisahau. Nyuma ya kiwanda kuna ghala la dawa za kupulizia shambani. Ukuta wake una kivuli kizuri, na watoto hupenda kucheza hapo. Mlangoni pana kibao cha herufi nyekundu. Mtoto mmoja wa kundi la maneno alisimama mbele yake akakivunja kipande kwa kipande, ha, ta, ri. Akaenda kumwuliza baba yake kwa nini pale wanapochezea pameandikwa hatari. Kibao kile kilikuwa hapo miaka mingi. Kampuni ilidhani imeonya, na sisi wa chama tulidhani watu wameonywa. Siku ile ile tuliwahamisha watoto, na katika kikao kilichofuata tukadai ghala lizungushiwe uzio. Uzio ukawekwa.

WASIOFIKA

Msimu wa mvua majani ya chai huchipuka kwa wingi. Mwezi wa Aprili na Mei watoto walipungua hata tukabaki na wachache. Tulianza kuwalaumu wazazi, mpaka yaya akatuambia twende laini tukaone. Tulikuta mama ana watoto watatu, naye kazi yake ya kilo haimalizwi na mikono miwili. Mtoto wake mkubwa alikuwa shambani.

Hapo tukajua kwamba wanaokuja wenyewe si wale wenye shida kubwa. Jambo hili limeonekana kwingine pia. Katika wilaya ya Jaunpur huko India, mwaka 2005 na 2006, vijana wa vijiji walipewa mafunzo ya siku chache, wakafungua madarasa ya kusoma bila malipo. Watafiti walifuatilia kazi hiyo, miongoni mwao Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Waliona kwamba watoto waliohudhuria walisonga mbele vizuri, na wasiojua kitu wakajua herufi. Lakini waliohudhuria walikuwa asilimia 8 tu ya watoto wa vijiji hivyo. Hata kati ya wale wasiojua herufi, walihudhuria kama 13 katika kila 100.

Kwa hiyo tulibadilisha mpango. Watu wawili walibaki ghalani, wanne wakaenda laini kwa laini, wakakaa mlangoni pa nyumba na watoto wa nyumba tatu au nne jirani. Na jambo la kilo tulilipeleka mahali pake, yaani katika mazungumzo ya kiwango cha kazi. Mtoto hatarudi kusoma kwa kuhubiriwa ikiwa kipimo cha kazi cha mama yake kimewekwa kwa mikono minne.

MGOMO WA WALIMU

Sasa tufike kwenye jambo lililotugawa.

Mwaka ule wa 2022 serikali iliamua kupandisha mishahara ya walimu wa sayansi wa sekondari, wenye digrii wakafikia shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine na walimu wa shule za msingi wakaachwa nyuma. Tarehe 15 Juni chama cha walimu, UNATU, kikaanza mgomo.

Siku ya tatu ya mgomo wazazi walikuja ofisini kwetu. Walisema, nyinyi mna watu wanaojua kufundisha, na madarasa yako wazi, waingieni. Baadhi ya wajitoleaji wetu walikuwa tayari. Vijana wale wawili walisema hawaoni ubaya wowote.

Tuliita mkutano chini ya mti mbele ya kiwanda. Katibu wetu alisema kwamba mtu anayeingia kufanya kazi ya aliyegoma anavunja mgomo, awe analipwa au halipwi, na asiyelipwa anavunja zaidi kwa sababu anamwonyesha mwajiri kwamba kazi ile yapatikana bure. Alikumbusha jinsi sisi wenyewe tulivyogoma, na jinsi vibarua walivyoletwa kwa lori.

Ndipo mama mmoja aliposimama na mtoto mgongoni. Alisema, "Baba katibu, mimi sibishani nawe juu ya chama. Nakilipia kila mwezi. Lakini mwanangu amekaa nyumbani miaka miwili, hata jina lake alilisahau kuliandika. Amerudi miezi mitano, leo mwamwambia angoje tena. Mgomo wenu haukumpata baba yake mahali pengine, umempata yeye."

Hakuna aliyemjibu upesi. Hatuandiki hapa kwamba katibu alimshinda kwa hoja, maana hakumshinda. Mwalimu mstaafu ndiye aliyesema kwamba wote wawili wana haki, na kwamba kazi yetu ni kutafuta njia isiyomkanyaga mwalimu wala mtoto.

Mwisho tulikata shauri hivi. Hatutaingia katika jengo la shule, hatutashika kitabu cha mahudhurio, wala hatutafundisha masomo ya mtaala. Lakini kusoma kwa Jumapili kutaendelea kama kawaida, na jioni tutaongeza siku mbili katika laini, baada ya mzani. Tulikwenda pia kwa walimu wenyewe tukawaeleza. Walikubali, na wawili wao walituletea vitabu vya hadithi kutoka nyumbani kwao.

Mgomo ulisitishwa mwezi wa Julai. Walimu waliporudi hawakutuona kama wezi wa kazi yao. Tangu hapo mwalimu wa darasa la tatu hututumia majina ya watoto waliokwama, nasi tunamrudishia habari za ngazi waliyofikia. Lakini yule mama mpaka leo anasema tulichelewa, na hatuna la kumwambia.

JE, CHAMA KIFANYISHE WATU KAZI BURE?

Swali hili liliulizwa na mwanachama mmoja katika mkutano mkuu wa tawi, na ni swali la haki. Mama mchumaji wetu alikuwa akiacha shamba mapema siku za jioni, na kilo zake zikapungua. Alijitolea kwa wakati wake, na pia kwa fedha yake.

Tunaamini kwamba kujitolea ni kama msaada wa jirani nyumba inapoezekwa. Jirani anakuja siku moja au mbili, anashika kamba, anakula chakula, anakwenda kwake. Ukimwita kila siku mwaka mzima, huyo si jirani tena, ni fundi, na fundi ana malipo yake. Kule Mumbai na Vadodara, mwaka 2001 hadi 2003, Pratham iliwaweka shuleni wasichana waliomaliza sekondari wakae na watoto waliobaki nyuma saa mbili kwa siku. Hao walilipwa, ijapokuwa kidogo, kwa sababu walikuwa wakifanya kazi ya kila siku. Watoto wao waliendelea mbele.

Basi tawi letu liliweka masharti. Mjitoleaji asipite siku mbili kwa wiki. Asilipe chaki, karatasi wala mafuta ya taa, hazina ya tawi ndiyo inayolipa. Asiyeweza aseme, na asisimangwe. Tulimwomba meneja awape wajitoleaji saa moja kwa wiki bila kukatwa malipo. Mwaka wa kwanza alikataa. Mwaka wa pili tuliliweka ombi hilo katika orodha ya mazungumzo ya mkataba, tukapata saa hiyo kwa watu wanne. Bado tunadai wawili waliobaki.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Kwa matawi mengine, tunashauri haya machache kutokana na tuliyoyaona.

1. Mpimeni kila mtoto peke yake kabla ya kumfundisha, na mwendelee kumpima kila baada ya wiki chache.

2. Wapangeni kwa ngazi ya kusoma, msiwapange kwa darasa wala kwa urefu.

3. Kila mtoto asome kwa sauti yake mwenyewe kila siku ya kukutana. Kuitikia kwa pamoja si kusoma.

4. Watafuteni wasiofika. Mkiona hawaji, ulizeni kwanza juu ya kazi ya wazazi wao.

5. Zungumzeni na walimu mapema, tena kabla ya mgogoro wowote kutokea. Msichukue nafasi ya mwalimu, wala msiruhusu serikali au mwajiri aseme kwamba kwa kuwa mpo, mwalimu hahitajiki.

6. Wekeni mpaka wa kujitolea, na mpaka huo uandikwe katika kitabu cha mikutano.

Watoto wa Jumapili ile ya kwanza wamekuwa wakubwa sasa. Si wote waliosoma. Wengine walihama na wazazi wao mkataba ulipokwisha, na wengine walirudi shambani tusiweze kuwatoa. Lakini katika nyumba nyingi za laini sasa yuko mtoto mmoja anayeweza kuichukua karatasi ya baba yake na kuisoma hadi mwisho kabla baba hajaitia kidole. Mwisho wa mwezi benchi letu bado linajaa, ila wapo wanaofika wakiwa wamekwisha kujua karatasi inasema nini. Wanakuja kuuliza tufanye nini.

Matawi yenye kazi kama hii katika mashamba ya mkonge, miwa au kahawa, au katika viwanda, tunaomba mtuandikie kupitia gazeti hili. Hasa tungependa kujua mmefanyaje wakati wa msimu.

Umoja ni nguvu.